Kupiga Picha za Harusi Lubumbashi na Safarini: Mwongozo wa Hatua kwa Hatua

Mama mmoja wa Katuba, moja ya komini (manispaa ndogo) za Lubumbashi, alinijia wiki mbili baada ya matanga ya mama yake mzazi, akaniomba nimtafutie picha ya marehemu katika harusi ya binti yake, ambayo mimi ndiye niliyeipiga miaka minne kabla. Picha za siku ile zilikuwa zaidi ya 1,200. Bibi harusi alikuwamo karibu katika kila moja, keki ilikuwa na picha zake arobaini, na yule nkambo, kama tunavyowaita babu na bibi zetu huku Katanga, alikuwa na picha tatu tu. Katika ya kwanza lilionekana bega lake, katika ya pili alikuwa amezibwa na mgongo wa mshereheshaji, na katika ya tatu alikuwa ameinama akimfunga kitukuu chake kamba za viatu, uso wake ukiwa nusu kivulini. Hiyo ya tatu ndiyo niliyokesha nikiitengeneza, nikaichapa na kumpelekea bila malipo. Mama yule alipoipokea alilia, nami nilirudi nyumbani nikijua kwamba kazi ya siku ile sikuifanya ipasavyo.

Mwongozo huu unatokana na mambo niliyoyabadilisha tangu hapo. Nimeuandika kwa ajili ya mpiga picha anayeanza kazi ya harusi hapa Lubumbashi na ambaye, kama wengi wetu, ataitwa pia Likasi, Kolwezi au Kasumbalesa, kwa kuwa jamaa za watu wa hapa zimetawanyika kufuata reli na migodi. Anayetafuta jina la kamera ya kununua hatalipata hapa. Nitakayoeleza ni utaratibu wa kazi yenyewe.

Hatua ya 1: Kaa na familia zote mbili kabla ya kupokea avansi (malipo ya awali)

Mchumba anapokuja kuulizia bei, kwa kawaida huzungumzia siku moja tu, yaani siku ya kanisa na ukumbi. Mwulize kuhusu siku zote. Harusi ya kwetu ina angalau sehemu tatu: mahari inayotolewa nyumbani kwa wazazi wa binti, ndoa ya serikali inayofungwa katika ofisi ya komini, na ndoa ya kidini inayofuatwa na sherehe ya jioni. Sheria ya Familia ya Kongo, iliyotolewa tarehe 1 Agosti 1987 na kurekebishwa mwaka 2016, yenyewe inaihesabu mahari kuwa sharti la ndoa, lakini watu wengi huiachia siku hiyo simu ya binamu yeyote aliye karibu. Mimi hushauri kinyume chake. Ikiwa fedha za wachumba hazitoshi kulipia siku zote, ni afadhali wapunguze saa za ukumbini, ambako picha huanza kufanana mara tu chakula kinapoliwa, na saa hizo wazihamishie kwenye siku ya mahari, ambapo wazee wa pande mbili huketi uso kwa uso, pengine kwa mara ya kwanza na ya mwisho katika maisha yao.

Baada ya kukubaliana siku, omba kupelekwa nyumbani kwa wazazi wa binti, na ikiwezekana nyumbani kwa wazazi wa kijana pia. Usiende na kamera. Nenda umevaa vizuri, salimia kwa heshima, kubali kiti unachopewa, na umweleze baba mwenye nyumba kwamba umekuja kujifunza familia kabla hujaipiga picha. Katika ziara hiyo mimi hutafuta mambo mawili. La kwanza ni mtu wa kunionyesha watu, ambaye mara nyingi ni shangazi: yeye anajua nani ni nani, nani hasemezani na nani, na mzee gani ametoka mbali. La pili ni orodha ya wazee, ambayo naiandika pale pale kwa kalamu katika daftari: jina, uhusiano wake na bibi au bwana harusi, mahali atakapoketi, na kama anatembea kwa shida. Katika harusi moja orodha hiyo ilikuwa na majina ishirini na matatu, na ilinichukua robo saa kuiandika. Hakuna kifaa katika mfuko wangu chenye thamani kuliko karatasi hiyo.

Mkataba uwe wa ukurasa mmoja, kwa lugha ambayo wote wanaisoma, ukitaja siku na saa za kazi, idadi ya picha utakazokabidhi, tarehe ya kuzikabidhi, avansi (mimi huomba nusu), na anayelipia nauli na malazi ikiwa harusi iko nje ya mji. Ikiwa ratiba imeandikwa na jamaa aliye Kinshasa, hakikisha saa alizoandika ni za huku, kwa sababu Lubumbashi iko mbele ya Kinshasa kwa saa moja.

Hatua ya 2: Andaa mfuko wa kazi siku mbili kabla

Usiende harusini na kamera moja. Kama huna ya pili, ikodi au iazime kwa mwenzako mnayeaminiana, nawe umwazime yako siku yake itakapofika. Lenzi mbili zinatosha kuanzia: moja pana kiasi, ya milimita 35 hivi, kwa ajili ya nyumba zenye vyumba vidogo, na moja ya milimita 85 inayokuwezesha kupiga uso wa mtu bila kumsogelea mpaka akaacha kufanya alichokuwa akifanya. Lenzi ya 24 hadi 70 yenye uwazi wa f/2.8 inaweza kuchukua nafasi ya zote mbili, ingawa ni nzito na bei yake si ya kuanzia.

Jihadhari sana na kadi za kumbukumbu. Niliwahi kununua kadi iliyoandikwa gigabaiti 128 katika duka moja la mjini, na ndani yake mlikuwa na gigabaiti chache tu. Kadi za namna hiyo huendelea kupokea picha bila kulalamika huku zikifuta au kuharibu zilizotangulia. Kwa bahati njema niligundua hilo siku ya majaribio. Tangu hapo kila kadi mpya naijaza video mpaka mwisho, nazihamishia kwenye kompyuta, nazifungua moja moja, na kadi ikishindwa jaribio hilo haiingii katika mfuko. Pia napendelea kadi mbili za gigabaiti 64 kuliko moja kubwa, na kama kamera ina nafasi mbili za kadi, naipanga iandike kila picha kwenye zote mbili kwa wakati mmoja.

Betri zichajiwe usiku wa kwanza kati ya mbili zilizobaki, wala si usiku wa kuamkia harusi, kwa sababu umeme unaweza kukatika saa mbili usiku na ukarudi asubuhi ya pili. Beba betri nne kwa kila kamera, kitambaa laini cha kufutia lenzi, pumpu ndogo ya kupuliza vumbi, na mfuko wa plastiki usiopitisha maji.

Hatua ya 3: Panga safari kana kwamba njia itakucheleweshea nusu siku

Kutoka Lubumbashi hadi Likasi ni kilomita 120 hivi, hadi Kolwezi ni kama 300, na hadi Kasumbalesa mpakani mwa Zambia ni karibu 90. Ukiziangalia namba hizi peke yake utadhani unaweza kuondoka alfajiri ukafika kabla ya mahari kuanza. Barabara hizo ndizo zinazobeba malori ya shaba na kobalti, na lori moja likiharibika mahali pabaya, msafara mzima husimama. Kwenye njia ya Kasumbalesa foleni ya malori inaweza kuanza mbali kabla ya mpaka. Kwa harusi yoyote ya nje ya mji mimi huondoka siku moja kabla, na gharama ya kulala huko imo katika mkataba. Siku hiyo ya ziada haipotei: jioni napita kanisani kuona madirisha yanaelekea wapi, napima ukubwa wa ukumbi kwa hatua, na asubuhi natazama jua linavyoingia uani.

Ukiwa njiani, acha kamera ndani ya mfuko. Vituo vya ushuru wa barabara, vituo vya jeshi na polisi, madaraja, uwanja wa ndege, mpaka na migodi si mahali pa kupiga picha bila ruhusa ya maandishi, hata kama machweo yanavutia kiasi gani, na kijana anayekamatwa na kamera kwenye kizuizi anaweza kukosa harusi nzima akijieleza. Beba nakala ya mkataba na kadi ya mwaliko. Mara kadhaa kadi ya mwaliko yenye majina ya maharusi imenisaidia kuliko maelezo marefu, kwa kuwa kila mtu, hata askari aliyechoka, anaelewa harusi ni nini.

Ukisafiri kwa ndege kutoka uwanja wa Luano, betri za akiba za lithiamu zisiwekwe kwenye mzigo unaoingia tumboni mwa ndege. Zibebwe mkononi, ncha zake zikiwa zimefunikwa. Betri za kamera za kawaida ziko chini sana ya kipimo cha wati-saa 100 (Wh) ambacho mashirika ya ndege hukubali bila kibali.

Vumbi jekundu la kiangazi, kuanzia Mei hadi Septemba, ndilo adui mkubwa wa kazi yetu. Usibadilishe lenzi ukiwa kando ya barabara au uani ambako watoto wanakimbia. Hii ni sababu nyingine ya kuwa na kamera mbili, kila moja na lenzi yake. Wakati wa masika, ukitoka katika gari lenye baridi ya kiyoyozi na kuingia kwenye hewa yenye unyevu, kioo cha lenzi huingia ukungu kwa dakika kadhaa. Funga kamera ndani ya mfuko wake, ifikishe mapema, iache izoee joto polepole, wala usiifute kwa haraka.

Hatua ya 4: Jifunze mwanga wa mji wetu

Hapa nitakaa kwa muda, kwa sababu mafunzo mengi ya kupiga picha yanayopatikana kwenye intaneti yameandikwa na watu wa nchi ambako jua halipandi hadi utosini. Lubumbashi iko kwenye latitudo ya nyuzi 11 na nusu hivi kusini mwa ikweta. Maana yake ni kwamba mwishoni mwa Oktoba, na tena katikati ya Februari, jua la adhuhuri hupita juu ya kichwa moja kwa moja. Mtu akisimama wazi saa sita mchana wakati huo, kivuli chake humwangukia miguuni, na matundu ya macho yake hugeuka mashimo mawili meusi. Hakuna programu ya kompyuta inayorudisha macho hayo yakawa hai.

Kwa hiyo kati ya saa nne asubuhi na saa tisa alasiri tafuta kivuli, lakini kichague kwa makini. Kivuli cha mwembe ni cha baridi na kila mtu hukimbilia hapo, ila majani yake huchuja mwanga ukawa wa kijani, na ukijani huo huonekana wazi kwenye gauni jeupe na chini ya kidevu. Ardhi yetu nyekundu nayo hurudisha mwanga wa rangi yake kutoka chini. Nakumbuka bibi harusi mmoja niliyempiga chini ya mwembe, amesimama juu ya udongo mtupu: bega lake la gauni lilikuwa na ukijani, pindo lilikuwa la waridi, na uso ulikuwa katikati ya rangi hizo mbili bila kuwa wa yeyote ninayemjua. Siku hizi nachagua baraza lenye ukuta mweupe au wa rangi ya mchanga, namweka mtu hatua moja ndani ya ukingo wa kivuli, uso ukiangalia nje, na chini ya miguu natandika kikwembe (kitenge) chepesi au mkeka ili kuzima wekundu wa udongo.

Jioni kuna saa nzuri, lakini ni fupi kuliko inavyosemwa. Katikati ya Juni jua huzama kabla kidogo ya saa kumi na mbili, na Desemba huzama karibu saa kumi na mbili na nusu. Ukitoa muda ambao miti na majengo hulikinga jua mapema, utaona kwamba una nusu saa tu ya mwanga wa dhahabu, nao msafara wa harusi huchelewa. Mimi huwaomba maharusi wanipe dakika ishirini kabla ya kuingia ukumbini, si zaidi, na mahali pawe karibu na ukumbi. Mnamo Septemba na Oktoba mijakaranda ya mjini huchanua, na maua yaliyoanguka hufunika kando za barabara kwa zambarau. Wachumba wengi wanataka kusimama hapo, nami nakubali kwa furaha, mradi dereva ameegesha magari yakatukinga na msongamano. Agosti na Septemba moshi wa vichaka vinavyochomwa hutanda hewani, jua hugeuka jekundu na mandhari ya mbali hufifia. Siku za namna hiyo achana na mandhari, sogea karibu na nyuso.

Jambo la mwisho kuhusu mwanga linahusu ngozi zetu. Kamera hupima mwanga ikidhani kwamba ulimwengu wote, ukichanganywa, ni wa kijivu cha wastani. Gauni jeupe likijaza picha, kamera hupunguza mwanga, na uso wa bibi harusi unakuwa mweusi usio na umbo. Suti nyeusi ikijaza picha, kamera huongeza mwanga, na uso unaonekana umepakwa majivu. Pima mwanga kwenye uso wenyewe, kwa kutumia kipimo cha nukta, kinachosoma sehemu ndogo tu ya picha, kisha tazama kama gauni limebaki na mikunjo yake. Piga kwa faili ghafi (RAW), maana faili ya JPEG ina ngazi 256 tu za kila rangi, ilhali faili ghafi ya biti 14 ina ngazi 16,384, na ni katika ngazi hizo ambamo unaweza kuokoa kwa pamoja weupe wa lesi na wekundu wa kahawia wa shavu.

Hatua ya 5: Siku ya mahari, kuwa mtoto wa nyumba

Fika saa moja kabla ya wageni wa upande wa kijana. Wasalimie wazee walio kwenye orodha yako, mmoja mmoja, kwa jina la heshima, na uombe ruhusa ya kila mmoja: "Baba, mimi ndiye nitakayepiga picha leo, ninaomba ruhusa nikupige ukiwa umeketi hivi hivi." Katika miaka yangu yote ya kazi ni wazee wawili tu walionikatalia, na mmoja wao aliniita mwenyewe baadaye, baada ya kuvaa koti. Dakika hizo za mwanzo, kabla ya mizaha na madai kuanza, ndizo ninazopigia picha nyingi za wazee, kwa lenzi ya 85, karibu na dirisha au kwenye baraza. Wageni wakishaingia, nkambo atasukumwa nyuma na wapwa wenye haraka.

Majadiliano ya mahari yana wasemaji wake kutoka kila upande, na kila msemaji ana mikono inayosema kabla ya kinywa. Itazame mikono. Katika mahari moja huko Likasi, msemaji wa upande wa binti, mzee wa makamo mwenye kofia ya sufu, alikuwa akihesabu vitu vilivyoletwa: vikwembe vya mama, suti ya baba, chumvi, jembe, mbuzi aliyefungwa nje. Kwa kila kitu alikunja kidole kimoja, na alipofika kwenye kitu kilichokosekana aliacha kidole kimesimama hewani, akanyamaza. Nyumba nzima ilinyamaza pamoja naye. Niliipiga picha ya kidole kile kwa 1/200 ya sekunde, f/2.8, nyuma yake nyuso za wakwe zikiwa na ukungu, na familia zote mbili ziliichagua kuwa ya kwanza katika albamu.

Kaa chini au piga magoti. Mpiga picha anayesimama katikati ya wazee walioketi anawavunjia heshima na anapata picha za vipara. Usitumie flashi wakati mzee anasema. Usipige fedha zinapohesabiwa ila ukiombwa, na hata ukiombwa, picha hizo zikabidhi kwa familia tu. Bibi harusi anapoletwa na shangazi zake, katika nyumba nyingi huinamisha macho wala hatabasamu, kwa kuwa anaondoka kwao. Wapiga picha vijana humwambia atabasamu, nami nawasihi waache. Uso ule una maana yake, mama yake anaijua, na tabasamu atalipiga wakati wake, pale anapoulizwa kama vitu vilivyoletwa vipokelewe naye akajibu ndiyo, na shangwe ikalipuka. Uwe umeshachagua mahali pa kusimama kabla ya swali hilo, ili uwe na uso wake na uso wa baba yake katika picha moja.

Hatua ya 6: Komini na kanisani

Komini nafasi huwa ndogo na siku moja inaweza kuwa na ndoa kadhaa. Jitambulishe kwa ofisa anayefunga ndoa kabla hajaanza. Picha za lazima ni chache: maharusi wakitoa kiapo, mara nyingi wakiwa wameshika bendera ya taifa, ofisa akisoma sheria, sahihi zao na za mashahidi. Ofisa huuliza pia wamechagua namna gani ya kumiliki mali, na nyuso za wazazi wakati wa swali hilo zinafaa kutazamwa.

Kanisani muulize padri au mchungaji mambo matatu: mpaka wapi unaruhusiwa kusogea, lini flashi imekatazwa, na maharusi watageukia upande gani wakati wa kuvishana pete. Katika misa ya Wakatoliki, tangu mageuzo ya mkate na divai hadi komunyo mimi husimama tuli wala sipigi. Weka kamera kwenye hali ya kimya, na viatu vyako viwe vya soli laini, kwa sababu sakafu ya kanisa kubwa hurudisha kila hatua mpaka darini.

Hatua ya 7: Picha za jamaa

Kazi hii wengi huifanya kwa haraka na kwa hasira, na ndiyo itakayotundikwa sebuleni. Tumia orodha na shangazi wako. Anza na kundi kubwa lenye wazee, uwaachie huru wakakae, kisha punguza watu badala ya kuongeza. Wazee waketi kwenye viti mbele, na asiyeweza kutembea usimlete kwenye kundi. Lete kundi kwake. Kwa safu tatu za watu tumia f/8 na 1/125, simama juu ya kiti imara, piga angalau mara tano, maana katika watu thelathini daima kuna anayefumba macho. Kabla hujawaruhusu waondoke, soma majina kwa sauti. Watu hupenda kusikia majina yao, na mara nyingi hapo ndipo mtu husema, "Mama mkubwa yuko jikoni."

Mama mkubwa aliye jikoni aitwe. Na wale anaopika nao wapigwe huko huko, kati ya masufuria, kwa ruhusa yao.

Hatua ya 8: Ukumbini usiku

Maharusi huingia wakicheza pamoja na wasindikizaji wao waliofanya mazoezi kwa wiki kadhaa, kwa hiyo omba uoneshwe mazoezi hayo hata kwa dakika kumi ili ujue wapi watasimama. Taa za LED za ukumbi zinaweza kuchora mistari myeusi katika picha. Umeme wetu ni wa mapigo 50 kwa sekunde, hivyo jaribu 1/100 au 1/50, na mistari mingi hutoweka. Elekeza flashi darini kama dari ni jeupe na si la juu mno. Kama ni la rangi, ielekeze kwenye kitambaa cheupe ulichokishikisha msaidizi. ISO (kiwango cha kamera kuhisi mwanga) ya 3200 isikutishe: chembechembe husameheka, uso uliotikisika hausameheki. Umeme ukikatika kabla jenereta haijaanza, usizime kamera. Simu huwaka mikononi mwa watu, na mwanga huo mdogo unaotoka chini umenipa picha kadhaa ninazozipenda kuliko zote za ukumbini.

Hatua ya 9: Hifadhi, rekebisha, kabidhi

Kabla ya kulala, hata ukifika saa nane usiku, nakili picha zote. Ziwe nakala tatu, katika vifaa vya aina mbili, na moja ilale nyumba nyingine. Nikiwa safarini diski moja inasafiri katika mfuko wangu na nyingine katika mfuko wa msaidizi, na kadi hazifutwi mpaka nifike nyumbani.

Katika kurekebisha rangi nina ombi moja, na ninalitoa kwa moyo wote: usiing'arishe ngozi ya mtu. Kuna wateja watakaokuomba uwafanye weupe, na kuna programu zinazofanya hivyo zenyewe bila kukuuliza, zikilainisha uso mpaka chale, makunyanzi na alama ya kuzaliwa vikapotea. Mueleze mteja kwa upole, mwoneshe picha mbili kando kwa kando, moja yenye rangi yake ya kweli iliyopimwa vizuri na nyingine iliyopaushwa. Wengi, wakiona ngozi yao ikiwa na mwanga wake halisi, huichagua wenyewe. Makunyanzi ya nkambo usiyaguse kabisa.

Kabidhi picha kwa tarehe mliyoandika. Ukizituma kwa WhatsApp, zitume kama hati, kwa sababu zikitumwa kama picha hubanwa na kupoteza sehemu kubwa ya ubora wake. Usiweke picha yoyote mtandaoni kabla familia haijakubali, na picha za watoto na za mali ya mahari usiziweke kabisa. Kisha, nje ya albamu ya maharusi, chapa picha moja ya kila mzee aliye kwenye orodha, ya ukubwa wa sentimita 13 kwa 18, uipeleke mwenyewe au uikabidhi kwa shangazi. Gharama yake itie katika bei tangu mwanzo.

Sammy Baloji, mpiga picha aliyezaliwa hapa Lubumbashi mwaka 1978, alijulikana kwa kuziweka picha za kale za wafanyakazi wa migodi juu ya mandhari ya viwanda vilivyochakaa. Ukizitazama nyuso hizo, swali la kwanza linalokujia ni: huyu aliitwa nani? Kwa hiyo nyuma ya kila picha unayoichapa andika jina la mtu, uhusiano wake na maharusi, mahali na tarehe. Tumia penseli laini, bila kukandamiza, na uandike pembeni, mbali na sehemu iliyo nyuma ya uso, kwa kuwa wino wa kalamu hupenya karatasi baada ya miaka, na ncha ngumu huacha mkwaruzo unaoonekana upande wa mbele.